Kijiji Unachoishi Kina Kiti Chako
Hotuba kwa Waswahili wanaoishi vijijini Uingereza

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za mchana, ndugu zangu.

Nawashukuru wazee wa jumuiya kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi akina mama na vijana waliotoka zamu ya usiku asubuhi ya leo na bado wakaja. Najua wapo waliobadilisha mabasi mawili kufika hapa, na wapo waliopakiwa na wenzao kwa sababu Jumapili basi la kwao halipiti kabisa. Suala la basi nitalifikia.

Zamani Mswahili akikuambia anaishi Uingereza, ulijua yuko London, Reading, Leicester au Birmingham. Mambo yamebadilika. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na serikali ya hapa kuhusu wahudumu wa afya. Kisha Februari 2022 mlango wa viza ukafunguliwa kwa watu wa kutunza wazee, na watu wetu wakaenda kule waliko wazee, yaani vijijini. Leo nina wadogo zangu Lincolnshire, Shropshire, Norfolk, Herefordshire, mahali ambapo unatoka kazini saa mbili usiku na kijiji kimelala, duka limefungwa, na jirani wa mlango wa pili hujui hata anaitwa nani. Wengi wameniambia, "Mzee, huku hakuna kitu. Ni mashamba na kanisa."

Nimekuja kusema kwamba kitu kipo, na kina wenyewe. Ukumbi, uwanja wa watoto, benchi ya kituo cha basi, makaburi, pengine hata duka: karibu vyote vinashikiliwa na wakazi, wengi wao bila malipo. Na sheria ya nchi hii inakuhesabu na wewe kuwa mkazi. Kama hakuna aliyekuja kukugongea mlango kukuambia, basi leo nakuambia mimi.

Tuanze na baraza la parishi. Watu wengi wakisikia parishi wanafikiria padri. Kweli, chanzo chake ni kanisa. Kwa karne nyingi wakuu wa parishi ndio waliosimamia barabara za kijiji na misaada kwa maskini, na wakuu hao walikuwa kasisi na wenye ardhi. Mwaka 1894 Bunge likapitisha sheria ya kutenganisha mambo. Ya ibada yakabaki kanisani, na ya kiraia yakapewa baraza la kuchaguliwa. Kibarua wa shambani, aliyekuwa akimvulia kofia tajiri wake, akapata kura na haki ya kugombea. Wanawake nao, walioolewa na wasioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kukaa katika mabaraza hayo, miaka 24 kabla ya mwanamke yeyote wa Uingereza kupiga kura ya ubunge.

Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kimoja ninachokipenda sana. Ilisema mkutano wa parishi usianze kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sababu yake iko wazi: kibarua atoke shambani kwanza. Kifungu hicho kipo hadi leo kwa mkutano wa mwaka wa wapiga kura. Na kwa Waislamu wenzangu walio hapa, sheria ya 1972 inasema pia kwamba mikutano hiyo isifanyiwe mahali panapouzwa pombe wakati huo, ila pale tu ambapo hakuna chumba kingine kinachofaa, cha bure au cha bei ya kawaida. Kwa hiyo usiogope kuitwa kikaoni ukadhani utakutana na glasi za bia.

Mabaraza haya leo yako kama 10,000 katika Uingereza hii. Wales na Scotland wana utaratibu wao. Mengine ni ya miji midogo yenye ofisi na wafanyakazi, mengine ni ya madiwani watano na karani mmoja anayefanya kazi saa chache kwa wiki mezani kwake jikoni. Kwa kawaida madiwani hawalipwi mshahara. Karani analipwa, na mtu wa kumjua ni huyo, kwa kuwa barua, hesabu, makaburi na malalamiko yote hupita mikononi mwake.

Sasa kazi zake, maana hapa watu wetu huchanganyikiwa. Shimo la barabarani si la parishi, ni la kaunti. Pipa la taka ni la wilaya. Pale ambapo kaunti na wilaya zimeunganishwa, yote mawili ni ya halmashauri hiyo moja. Parishi ina mambo ya karibu: bembea za watoto, taa katika vijiji vingine, kibanda cha kituo cha basi, benchi, uwanja wa mpira, makaburi, vishamba vya kukodi, na mashine ya kushtua moyo iliyotundikwa ukutani. Vilevile huulizwa maoni kila mtu anapoomba kibali cha ujenzi. Mwamuzi si parishi, lakini sauti yake huandikwa.

Na fedha inatoka wapi? Inatoka kwako. Chukua bili yako ya kodi ya halmashauri, ile inayokuja Machi au Aprili, usome mistari yake. Kuna kaunti, kuna polisi, kuna wilaya, na chini kabisa kuna jina la kijiji chako na kiasi kidogo mbele yake. Hiyo ndiyo fedha ya parishi. Hupangwa majira ya baridi, mara nyingi Januari, na watu wachache waliokaa kuzunguka meza moja huku wananchi wakiwa na haki ya kukaa nyuma na kusikiliza. Hata kama umepanga chumba na kodi imo ndani ya pango lako, wewe ni mlipaji. Unapomwona mtoto wako kwenye bembea, usijione mgeni wa bembea ile.

Nije kwenye ukumbi, na hapa mtanivumilia kidogo, kwa sababu ukumbi wa kijiji nauona kuwa moyo wa jambo zima.

Kumbi hizi zinakaribia 10,000. Nyingi zilijengwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijiji kilichopoteza vijana kiliamua kwamba kumbukumbu yao iwe mahali pa kukutana walio hai, na ndiyo maana mlangoni utakuta kibao chenye majina. Kwingine walinunua kibanda cha mbao cha jeshi wakakisimamisha, na kikadumu miaka sabini. Kisheria ukumbi kwa kawaida ni mali ya hisani yenye wadhamini. Hakuna wizara inayoulipia umeme. Unalipiwa na ada za wanaoukodi, na keki za Jumamosi, na bahati nasibu, na mama mmoja mwenye funguo anayejua bomba lipi linavuja.

Asubuhi ni watoto wa chekechea. Mchana ni wazee wa mazoezi ya viungo, au akina mama wa Women's Institute, chama kilichoanzia Kanada mwaka 1897 na kufika Uingereza 1915 wakati wa vita. Siku ya uchaguzi ni kituo cha kura. Siku ya maziko ni chai na sandwichi. Na nawaambia ninyi mnaohangaika kutafuta mahali pa arusi, arobaini, kisomo, futari au ibada ya Kiswahili kila mwezi: ada ya ukumbi wa kijiji mara nyingi ni ya saa, na ni ndogo kuliko hoteli yoyote. Kamati yake inatamani sana wakodi wapya, kwa kuwa ukumbi usiokodiwa hufungwa. Soma masharti, maliza muziki saa mlizokubaliana, osha vyombo, rudisha viti mlivyovikuta. Ukifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu utaombwa uingie kwenye kamati. Kubali.

Niwape kisa kimoja cha ukumbi, kwa sababu watu hudhani hizi ni sehemu za keki tu. Mnajua habari ya wakuu wa posta ndogo. Hawa ni wenye maduka, wengi vijijini, waliokuwa wakiendesha posta kwa mkataba. Kompyuta za shirika, mfumo ulioitwa Horizon, ziliwaonyesha kwamba fedha imepungua wakati haikupungua. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Kuna waliofungwa, kuna waliofilisika, kuna waliokufa kabla ya kusafishwa jina. Na kila aliyepiga simu kulalamika aliambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Alan Bates, aliyekuwa na duka lake Wales, akawatafuta wenzake, na Novemba 2009 wakakutana uso kwa uso kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton, Warwickshire. Hawakuchagua kijiji kile kwa umaarufu. Kiko karibu na katikati ya nchi, na ukumbi ulipatikana. Mle ndani kila mmoja akamsikia mwenzake akisimulia kisa kilekile, na uongo wa "ni wewe peke yako" ukaishia hapo. Ilichukua hadi Mei 2024 Bunge kupitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Hiyo ni kazi ya ukumbi mmoja wa kukodi. Ninyi mnaofanya kazi katika nyumba za wazee, ambao wengine mnakatwa fedha msizozielewa na kuambiwa kila mtu ameridhika isipokuwa wewe, litafakarini hilo.

Posta na duka ni jambo lenye uchungu huku. Kijiji kilichokuwa na duka, posta, shule, baa na kituo cha treni, kizazi kimoja baadaye kimebaki na sanduku la barua. Haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1963 ripoti ya Beeching ilipendekeza kufungwa vituo vya reli zaidi ya 2,000, na reli nyingi za vijijini zikang'olewa. Mwaka 1986 mabasi nje ya London yaliachiwa kampuni binafsi zichague njia zenye faida, na njia ya kijiji chenye watu 400 haina faida. Halafu kati ya 2007 na 2009 posta zipatazo 2,500 zikafungwa. Mama wa miaka 82 asiye na gari afanye nini? Na wewe mhudumu uliyepewa nyumba sita za kutembelea asubuhi, nawe huna leseni ya hapa, ufanye nini?

Vijiji vingine vilikataa kulia tu. Wakazi walichanga, wakauza hisa za pauni kumi kumi au hamsini hamsini, wakanunua duka lao, kila mwenye hisa akawa na kura moja bila kujali alichangia kiasi gani. Shirika la Plunkett, lililoanzishwa mwaka 1919 na Horace Plunkett, mtu wa ushirika kutoka Ireland, limesaidia vijiji vingi kufanya hivyo, na maduka ya namna hii sasa ni mamia. Nyuma ya kaunta kuna meneja anayelipwa na watu wa kujitolea wanaopokezana. Huko Hesket Newmarket, Cumbria, watu zaidi ya mia moja waliinunua baa yao mwaka 2003 isije ikageuzwa nyumba ya mtu. Westbury-sub-Mendip, Somerset, walipopoteza gari la maktaba, walikinunua kibanda chekundu cha simu kwa pauni moja mwaka 2009 wakakijaza vitabu. Na tangu sheria ya 2011, kijiji kinaweza kuomba jengo kama duka au baa liorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenye nalo akitaka kuuza, jamii ikasema inalitaka, inapewa miezi sita kutafuta fedha. Hailazimishi mwenye mali kuwauzia. Inawapa muda, na muda ni kitu kikubwa.

Lakini mfano unaonikosha zaidi ni wa intaneti. Kaskazini mwa Lancashire, kwenye bonde la mto Lune, kampuni kubwa zilisema mashamba ni mengi na nyumba ni chache, haiwezekani kuwapelekea faiba. Mwaka 2011 wanakijiji wakasajili ushirika wao wakauita B4RN. Wakulima wakaruhusu mabomba ya nyaya yapite mashambani mwao bila kudai malipo ya njia, na jambo hilo likaondoa gharama kubwa kuliko zote. Kisha wakachimba. Wenye trekta wakaleta trekta, wenye sepetu wakaleta sepetu, wasioweza kuchimba wakapika. Wakafikisha hadi majumbani intaneti ya megabiti 1,000 kwa sekunde, kwa pauni 30 kwa mwezi ilipoanza, wakati mitaa mingi ya London ilikuwa haijaiona kasi hiyo. Ndugu zangu wa Kenya mnaijua harambee. Ndugu wa Tanzania mmeshika jembe kwenye msaragambo. Kazi ile mngeitambua bila mkalimani.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Njia za miguu: nchi hii na Wales zina kama kilomita 225,000 za njia zenye haki ya umma kupita, zikikatiza hadi shamba la tajiri. Sheria ya 1949 ndiyo iliyosababisha zichorwe kwenye ramani rasmi, na mabaraza ya parishi yalitumwa kuzitembea na kuziandika moja moja. Ukiona kibao cha njia, pita. Funga geti, usiwatishe kondoo. Hakuna mwenye haki ya kukuuliza unatafuta nini.

Makazi sitayamaliza leo. Nyumba za vijijini ni ghali, na penye mandhari nzuri hununuliwa na watu wanaokuja wiki tatu kwa mwaka. St Ives, huko Cornwall, walipiga kura mwaka 2016 na zaidi ya asilimia 80 wakaunga mkono mpango wa kuzuia nyumba mpya zisiwe za mapumziko. Ni hatua, haitoshi. Baraza la parishi likijadili nyumba za bei nafuu pembeni mwa kijiji, wanaofika kikaoni kupinga huwa ni wenye nyumba. Wapangaji hawaji, kwa sababu wako kazini au hawajui kama kikao kipo. Naliona hilo kuwa tatizo kubwa, na ninyi ndio wapangaji.

Na vishamba. Nimeona nyuso zikichangamka, hasa za akina mama. Sheria ya 1908 inalitaka baraza lizingatie ombi la vishamba likitolewa na wapiga kura au walipa kodi ya halmashauri sita wa hapo, na kama mahitaji yapo na hayatimizwi vinginevyo, linawajibika kuvitafuta. Ni watu sita tu, mama zangu. Kishamba cha kawaida kina kama mita za mraba 250, na kodi yake kwa kawaida ni ndogo. Mchicha unaota hapa kuanzia Juni, majani ya maboga yanastawi, sukuma wiki haiogopi baridi. Na wazee wa Kiingereza, ambao kwenye basi hawakusemeshi, kwenye kishamba watakusimamisha nusu saa kuulizia hilo jani ni la nini.

Sasa kura. Naomba mnisikilize vizuri, hapa makosa ni mengi. Kama una uraia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na unaishi hapa kihalali kwa viza yoyote, una haki ya kujiandikisha na kupiga kura, kuanzia parishi hadi Bunge. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda tangu 2009, Msumbiji: wote wamo. Huhitaji pasipoti ya Uingereza. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi bado hawana haki hiyo mpaka wapate uraia, lakini kuhudhuria kikao, kuingia kamati ya ukumbi, kukodi kishamba, kununua hisa ya duka, hakuna anayewazuia. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Siku ya kura unahitaji kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubaliwa. Kuwemo kwenye daftari kunakusaidia pia benki wanapokagua rekodi yako ya mikopo.

Kugombea kuna masharti zaidi. Uwe na miaka 18, na kama ni raia wa Madola uwe na ukaazi wa kudumu. Uwe mpiga kura wa parishi hiyo, au uwe umeishi au kufanya kazi humo, au umeishi ndani ya maili tatu za mpaka wake, kwa miezi 12 iliyotangulia. Unahitaji watu wawili wa kukupendekeza. Hakuna amana ya kulipa. Na vijiji vingi havipati wagombea wa kutosha. Nafasi inabaki wazi, baraza linateua mtu wa kuijaza. Tangazo linabandikwa ubaoni, linakaa mpaka linafifia kwa jua. Mtu aliyeishi huko miaka sita, anayewaogesha na kuwalisha wazee wa kijiji kile, anayejua nani anaanguka usiku na nani hatembelewi na wanawe, ana cha kusema mezani kuliko wengi waliokaa pale.

Kwa hiyo wiki hii fanyeni hivi. Tafuta ubao wa matangazo wa kijiji chako. Mara nyingi uko karibu na ukumbi, kanisa au kituo cha basi. Ajenda ya kikao hubandikwa angalau siku tatu kamili kabla. Soma kipengele cha muda wa wananchi kusema. Mabaraza mengi huwa nacho. Nenda ukakae, hata kama hutasema neno. Mkutano wa mwaka wa wapiga kura hufanyika kati ya Machi 1 na Juni 1, na pale mpiga kura yeyote anaruhusiwa kusimama akazungumza. Watanzania, unafanana kidogo na mkutano mkuu wa kijiji mliouzoea, ila watu ni wachache na baridi ni kali, chukueni koti. Ulizieni basi. Ulizieni kama kuna gari la kujitolea la kuwapeleka wagonjwa hospitali, na kama halipo, nani yuko tayari kulianzisha.

Wenye pasipoti mifukoni, tumeweka kompyuta mbili pale mezani na vijana watawasaidia kujiandikisha; inachukua dakika chache, mje na namba yenu ya bima ya taifa. Wanaotaka kujua karani wao ni nani, waandike jina la kijiji kwenye karatasi nitamtafuta. Tunao ukumbi hadi saa kumi na mbili, kwa hiyo tuanze na maswali. Nimeuona mkono wa mama pale nyuma.